Gari Namba 32

Desemba 1990, karibu na Hyde Park Corner jijini London, dereva mmoja kijana aligombana na dereva wa teksi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kawaida, wa aina inayozuka kila siku penye foleni. Kilichoukuza ni kopo dogo la gesi ya machozi ambalo kijana yule alilitoa na kumpulizia mwenzake usoni. Katika baadhi ya nchi za Ulaya bara kopo kama lile liliuzwa bila tatizo. Uingereza lilihesabiwa silaha haramu.

Kijana huyo alikuwa Bertrand Gachot, mzaliwa wa Luxembourg, dereva wa mbio za langalanga. Kesi ilichukua miezi, na katika miezi hiyo nyota yake ilikuwa inapanda. Juni 1991 alishinda mbio za saa 24 za Le Mans akiwa na Johnny Herbert na Volker Weidler katika gari la Mazda, ushindi wa kwanza wa kampuni ya Kijapani katika mashindano yale. Kwenye langalanga alikuwa ameajiriwa na timu mpya ya Jordan, akiendesha gari la kijani lenye namba 32. Agosti 11, katika mbio za Hungaria, hakuna aliyezunguka kwa kasi kumzidi. Siku nne baadaye mahakama ya London ikamhukumu kifungo cha miezi 18. Alitoka kizimbani akaenda gerezani moja kwa moja, na mbio za Ubelgiji zilikuwa zimebakiza siku 10.

Abiria wa daladala wanamfahamu deiwaka. Si mwenye gari, wala si dereva aliyeandikwa na tajiri. Ni mtu anayeshinda kijiweni akisubiri dereva mwenye gari lake aumwe, achoke au akamatwe, ndipo apewe usukani kwa siku ile. Akifanya vizuri huenda akaitwa tena, lakini kiti si chake. Langalanga ya mwaka 1991, pamoja na mamilioni yake yote, ilikwenda kwa kanuni hiyohiyo ya kijiweni. Tofauti ni kwamba madeiwaka wa huko walivaa ovaroli zisizoshika moto, na mawakala wao walikuja na wanasheria.

Tajiri wa gari namba 32 alikuwa Eddie Jordan, Mwairishi aliyewahi kuwa karani wa benki, mtu mchangamfu mwenye maneno mengi. Timu yake ilikuwa katika msimu wake wa kwanza. Gari lilikuwa zuri kwa mbio na zuri kwa macho, lakini madeni yalikuwa yamembana. Alihitaji dereva, na akipatikana dereva anayekuja na fedha mkononi, hiyo ilikuwa heri juu ya heri.

Wenye fedha wakaja. Willi Weber, wakala wa Kijerumani, alikuwa na kijana wa miaka 22 aitwaye Michael Schumacher, mtoto wa fundi mwashi aliyekulia kwenye uwanja wa magari madogo ya mashindano huko Kerpen. Kampuni ya Mercedes, iliyokuwa ikimlea katika mbio za masafa marefu, ilikuwa tayari kumlipia kiti. Jordan akauliza swali moja la msingi: je, anaijua Spa, njia ya mbio za Ubelgiji? Weber akajibu kwamba anaijua vizuri. Ukweli ni kwamba kijana hakuwa ameshindana Spa hata siku moja.

Walimjaribu kwanza Silverstone, Uingereza. Baada ya mizunguko michache tu mafundi walianza kutazamana. Kijana hakulipapasa gari kama mgeni anavyopapasa ukuta akitafuta swichi ya taa, bali alilikimbiza tangu mwanzo, hata wakaingiwa na hofu kwamba angelivunja gari ambalo lilitakiwa Ubelgiji mwishoni mwa wiki hiyohiyo.

Spa-Francorchamps ni njia ya karibu kilomita 7 inayopanda na kushuka katika misitu ya milima ya Ardennes. Aliyetarajiwa kumzungusha mgeni ni Andrea de Cesaris, Mwitaliano aliyekuwa na miaka 10 katika langalanga, lakini yeye alikuwa ameshikwa na mazungumzo ya mkataba wake mwenyewe. Basi Schumacher akatoa baiskeli yake ya kukunja, akaizunguka njia nzima kwa kupiga pedali. Na baiskeli ni mwalimu mzuri. Mlima ambao gari linaumeza kwa sekunde mbili, mguu unauhisi wote. Mahali lami inapoinamia nje ya kona, mahali ukingo ulipoinuka kidogo, pale unapofika kileleni huoni kitu mbele ila mbingu, yote hayo mwenye baiskeli anayapata polepole na kuyahifadhi. Usiku alilala katika hosteli ya vijana, ya bei ya chini.

Siku ya kupanga nafasi za kuanzia, mgeni akashika nafasi ya 7. De Cesaris, katika gari lilelile, akawa wa 11. Jumapili, Agosti 25, mbio zikaanza, Schumacher akachomoka vizuri, na kabla hajamaliza hata mzunguko mmoja klachi ikaungua. Akaliegesha gari pembeni, akashuka. Mbio zake za kwanza za langalanga hazikufika kilomita 7.

Kwa mtazamaji wa kawaida, siku yake ilikuwa imekwisha bure. Kwa mabosi wa timu nyingine, kilichokuwa na maana ni ile karatasi ya muda wa kupanga nafasi, nao walikuwa wameshaisoma na kuikunja mfukoni.

Katika mbio hizohizo za Spa, Ayrton Senna alishinda, na wa nne alikuwa Roberto Moreno wa timu ya Benetton, Mbrazili wa miaka 32. Mzunguko wa kasi kuliko yote wa siku ile ulikuwa wake. Mtu ukimwuliza ni dereva gani wa Benetton aliyestahili kulala kwa amani usiku ule, angekutajia Moreno.

Moreno naye alikuwa ameonja kila aina ya udeiwaka. Mwaka 1982 timu ya Lotus ilimwita huko Uholanzi kushika nafasi ya Nigel Mansell aliyekuwa ameumia, na akashindwa kufuzu kuanza mbio. Doa lile lilimganda kwa miaka. Mwaka 1987 alipewa gari la timu ndogo ya AGS akapata pointi moja Australia. Mwaka 1988 alitwaa ubingwa wa Formula 3000, daraja la chini ya langalanga, akiwa na timu isiyo na fedha. Zawadi yake ikawa miaka miwili katika magari ya Coloni na EuroBrun, ambayo mara nyingi yalikuwa yanarudi nyumbani mapema kwa kukosa kasi ya kuingia kwenye mbio za Jumapili.

Kisha Oktoba 1990 Alessandro Nannini wa Benetton alianguka na helikopta, mkono wake ukakatika na madaktari wakalazimika kuuunganisha. Zilibaki siku chache kabla ya mbio za Japani. Nelson Piquet, bingwa wa dunia mara 3 na rafiki wa Moreno tangu ujana wao Brazili, alikuwa dereva mwenza katika timu ile. Moreno akaitwa. Kule Suzuka, Senna na Alain Prost waligongana kwenye kona ya kwanza, wengine wakapukutika mmoja mmoja, na mwisho wa mbio Piquet akawa wa kwanza, Moreno wa pili. Benetton haikuwa imewahi kupata nafasi mbili za juu kwa pamoja. Moreno alilia kama mtoto mikononi mwa rafiki yake. Baada ya machozi yale alipewa mkataba wa msimu wote wa 1991.

Kwa hiyo kiti kile kilimfikia kupitia ajali ya mwingine. Tukilisahau hilo tutamfanya Moreno mwenyeji wa asili na Schumacher mvamizi, na habari haikuwa hivyo. Hakuna aliyekuwa mwenyeji pale. Kila mmoja alikuwa amekalia joto la mwenzake.

Benetton ilikuwa na macho mapya mwaka ule. Flavio Briatore, aliyetoka kwenye biashara ya nguo za familia ya Benetton, ndiye aliyekuwa bosi. Katikati ya msimu alijiunga naye Tom Walkinshaw, Mskoti ambaye magari yake ya Jaguar yalikuwa yakipambana na Mercedes katika mbio za masafa marefu, na pamoja naye mhandisi Ross Brawn. Watu hawa hawakuhitaji kuhadithiwa juu ya Schumacher, maana walikuwa wamemwona akiwafukuza. Juu yao wote alikuwepo Bernie Ecclestone, aliyeshika biashara nzima ya langalanga mkononi. Ujerumani ilikuwa imeungana tena mwaka mmoja kabla, ina watazamaji wengi wa televisheni na viwanda vikubwa vya magari, lakini haikuwa imewahi kutoa bingwa wa dunia. Kijana wa Kerpen alikuwa na thamani hata kabla hajamaliza mzunguko mmoja.

Ilibaki karatasi ya Jordan. Kabla ya Spa, Jordan alikuwa amemwandalia Schumacher barua ya kuahidi kwamba, akipewa gari Ubelgiji, atatia saini ule mkataba wa udereva wa timu, yaani mkataba maalumu ambao pande zote zinaujua. Barua iliporudi imesainiwa, neno moja dogo la Kiingereza lilikuwa limebadilishwa. Sasa ilisema atatia saini mkataba fulani. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kulisoma badiliko hilo mara tatu tusione kilichotokea, kwa kuwa lugha yetu haina vijineno hivyo vya kutanguliza jina. Lakini kwa wanasheria wa London tofauti ilikuwa kama ya mlango uliofungwa na mlango uliorudishiwa tu. Jordan alikwenda mahakamani kutaka Schumacher azuiwe kuendesha gari la timu nyingine. Akashindwa.

Moreno naye akapata taarifa siku chache kabla ya mbio za Monza, Italia: huduma zake hazihitajiki tena. Kwa simulizi yake mwenyewe, sababu aliyopewa ni kwamba hayuko sawa kimwili na kiakili kuendesha. Sababu hiyo ilitolewa kwa mtu ambaye wiki hiyohiyo jina lake lilikuwa bado liko juu ya orodha ya mizunguko ya kasi ya Spa. Moreno hakunyamaza. Alikwenda mahakamani Milan, na mahakama ikampa haki: Benetton isimpe mtu mwingine gari lake.

Hivyo Alhamisi, siku moja kabla ya magari kuanza kuzunguka Monza, hali ilikuwa hivi. Schumacher alikuwa na timu inayomtaka lakini hana gari. Moreno alikuwa na gari kwa amri ya mahakama, katika timu isiyomtaka. Jordan alikuwa na gari namba 32 lisilo na mtu.

Waliketi kuamua Villa d'Este, hoteli ya kifahari huko Cernobbio, kando ya Ziwa Como, na mazungumzo yakaenda mpaka saa za usiku wa manane. Ecclestone alikuwepo kusukuma pande zote zifike mwisho. Hakuna aliyekuwa akizungumzia kona wala breki. Zilizungumzwa bei. Mwishowe Moreno akakubali kukiachia kiti, na kiasi kinachotajwa na wengi ni dola 500,000. Kisha, kwa kuwa Jordan naye alihitaji mtu, Moreno akapewa lile gari la kijani. Madereva wawili walibadilishana viti kana kwamba ni wachezaji wanaobadilishana jezi baada ya mechi, ila hapa mechi ilikuwa bado haijaanza, na mmoja wao hakuwa ameomba.

Tuna methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone. Monza ilibidi isomwe kinyume.

Wengi katika eneo la timu walichukia. Senna, ambaye na Piquet hawakuwa wakipikika chungu kimoja, alisema hadharani kwamba Moreno hakutendewa haki. Ron Dennis, bosi wa McLaren, inasemekana alimpokea Jordan kwa kumkaribisha kwenye klabu ya piranha, wale samaki wadogo wa mito ya Amerika Kusini wanaosifika kwa kumaliza mnyama kwa dakika chache. Jordan alikuwa amejifunza kwamba umri wa timu yake haukumpa huruma ya mtu.

Halafu wakaendesha. Katika nafasi za kuanzia Schumacher alikuwa wa 7. Piquet, ambaye Septemba 8 ile ilikuwa siku yake ya mbio za 200, alikuwa wa 8 nyuma ya mgeni. Moreno, katika gari ambalo hakuwahi kulikalia kabla ya Ijumaa, alikuwa wa 9. Matokeo haya ya Moreno ndiyo ninayoyaona kuwa jibu lake kwa waliosema hayuko sawa. Alipewa kiti cha watu usiku, na kesho yake akaanza kulikimbiza gari moja kwa moja na zile za Benetton. Jumapili hakufika mbali, kwani kwenye mzunguko wa pili gari lilizunguka na mbio zake zikaishia hapo. Nigel Mansell alishinda, Schumacher akawa wa tano, Piquet wa sita.

Baada ya Monza, Moreno aliendesha gari namba 32 mara moja tu, Ureno, akamaliza wa 10. Kisha Jordan akamwita kijana mwingine, Mwitaliano Alessandro Zanardi, ambaye hakuwa ameendesha langalanga hata mara moja. Septemba 29 huko Barcelona Zanardi akaanza kazi. Katika mbio 5 zilizofuatana, kutoka Hungaria mpaka Hispania, gari lile lilikuwa limeshikwa na watu wanne: mfungwa, mgeni, aliyefukuzwa, na mgeni mwingine. Oktoba Gachot aliachiwa huru baada ya rufaa, akaenda mpaka Japani, akakuta kwenye gari lake mtu mwingine. Hakurudishiwa.

Hata wakubwa hawakupona mwaka ule. Prost, bingwa wa dunia mara 3, alilinganisha gari lake la Ferrari na lori baada ya mbio za Japani, na Ferrari ikamfukuza kabla ya mbio za mwisho huko Australia. Gianni Morbidelli wa timu ndogo ya Minardi akapandishwa kushika nafasi yake, na kiti cha Minardi kilichobaki wazi kikamwangukia nani? Moreno. Timu tatu katika msimu mmoja.

Kilichofuata kinajulikana hata kwa wasiofuatilia mbio. Schumacher alipata ushindi wake wa kwanza Agosti 30, 1992, palepale Spa. Alitwaa ubingwa wa dunia mara 7, wa 1994 na 1995 akiwa Benetton, na mara tano mfululizo akiwa Ferrari kuanzia 2000. Alishinda mbio 91. Piquet aliondoka langalanga mwisho wa mwaka 1991. Jordan, aliyekuwa na pointi 13 katika msimu wake wa kwanza, alipoteza injini za Ford, akachukua za Yamaha, na mwaka 1992 mzima akavuna pointi moja.

Kwa mataji yale 7, watu wamezoea kuisimulia Monza kama siku ambayo haki ya kipaji ilijichukulia nafasi yake. Nadhani wanachanganya hesabu mbili. Moja ni ya kasi: nani atashinda zaidi? Hiyo Benetton waliipatia, na hakuna wa kubisha. Nyingine ni ya ahadi: je, mtu aliyetia saini na kufanya kazi yake anaweza kutolewa kwa sababu za kubuni? Hiyo mahakama ya Milan iliijibu Alhamisi, na fedha zikalifuta jibu lile usiku uleule. Mataji ya Schumacher yanalipa deni la hesabu ya kwanza tu. La pili lilibaki palepale Cernobbio.

Moreno mwenyewe aliendelea kufanya alichokijua. Mwaka 1992 alichukua gari la Andrea Moda, moja ya timu dhaifu kuliko zote zilizowahi kuingia langalanga, na akalifuzisha kuanza mbio za Monaco, ambako hata mafundi wa timu pinzani walimpigia makofi. Baadaye akavuka kwenda Marekani, kwenye mbio za CART. Mwaka 1999 aliwashikia nafasi madereva walioumia, leo timu hii, kesho ile, akafanya vizuri kiasi kwamba Wamarekani wakampa jina la utani la deiwaka bora, kwa maneno yao. Mwaka uliofuata timu ya Patrick ikampa gari la msimu mzima.

Julai 2000, kwenye uwanja wa ndege wa Cleveland uliogeuzwa njia ya mbio, Roberto Moreno alishinda mbio za CART kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 41. Miaka 10 kabla ya hapo, Suzuka, alilia akiwa amekalia kiti cha majeruhi. Cleveland hakuwa amemshikia mtu nafasi.